ULIZA FUNDI UMEME: Nifunge kimulimuli kwenye IST yangu?

Wiki hii simu imejaa maswali ya taa, sijui kuna nini. Nimechukua manne, la kwanza ni refu na jibu lake refu zaidi, mwenye haraka aruke aende chini.

SWALI: Fundi mwangaluka. Mi ni kijana wa Nyakato hapa hapa Mwanza, tuko vijana kama kumi na mbili wa mtaani tunajitolea mambo ya moto, tulipewa mafunzo ya kutumia mitungi na kuvuta mipira na kutoa watu ndani, tangu hapo moto ukitokea sisi ndo wa kwanza kupigiwa simu. Nina IST. Sasa binamu yangu yuko New York, na yeye ni mzimamoto wa kujitolea kule kule, alivyokuja likizo kaniletea taa ya bluu ya LED, ile ya kukaa juu ya dashibodi, imeandikwa 60W, anasema kule wenzake wanazo kwenye magari yao binafsi kabisa. Majuzi tumepigiwa kuna nyumba inaungua Mabatini, nikakwama foleni ya Buzuruga dakika ishirini simu inaita tu, nafika wameshazima kwa ndoo na mchanga. Ningekuwa na taa ningepita. Kuna fundi kaniambia elfu thelathini ananifungia, anaunga kwenye waya wa taa kubwa ili tusitumie waya mwingi. Nifunge au nisifunge, na waya upite wapi? (Mjitoleaji, Nyakato)

JIBU: Mhola mdogo wangu, na kwanza hongera, maana wengi moto ukiwaka wanatoa simu kupiga picha.

Ya bluu usifunge. Najua unataka nikupe sababu, kwaio ngoja nikupe. Vimulimuli na ving'ora hapa kwetu ni vya magari ya dharura, zimamoto, ambulensi, polisi na misafara, na trafiki wamekuwa wakisimamisha magari ya watu binafsi na kuving'oa hapo hapo barabarani, wewe mwenyewe si umeona. Ukimwambia afande mi najitolea atakuuliza kibali kiko wapi, utamuonyesha nini, fulana? Kama kikundi chenu kinafanya kazi na Zimamoto wa wilaya nendeni kama kikundi mkawaulize wao, wakikupeni kitu cha maandishi tutaongea lugha nyingine. Lakini usije kwangu na taa ya bluu na maneno ya mdomo.

Na binamu yako hajakudanganya, ila kakuambia nusu. Kule jimbo la New York taa ya bluu kweli ni ya wazimamoto wa kujitolea, na ya kijani ni ya wanaojitolea kwenye ambulensi. Ila anaiwasha kwa idhini ya mkuu wa kikosi chake, na anaiwasha akiwa anaenda kwenye tukio tu. Na hapa ndo penyewe: haimpi haki yoyote barabarani. Haruki taa nyekundu, hazidishi spidi, na aliye mbele yake akimpisha amempisha kwa hiari, ni kama kuomba "samahani naomba nipite", si amri. Afu akivuka akaenda mpaka Florida na hiyo bluu yake anajitafutia kesi, kule bluu ni ya polisi na wazimamoto wa kujitolea wanatumia nyekundu. Nenda Uingereza, kijani utaikuta juu ya gari la daktari. Yaani ndani ya nchi moja tu rangi inabadilika maana, wewe unataka kuibeba kwenye begi uje nayo Buzuruga.

Tuongelee hiyo Buzuruga sasa. Saa kumi na mbili jioni, daladala zimesimama mbili mbili, bajaji zimejaza kila upenyo, pembeni mtaro. Umewasha bluu. Hao watu waende wapi? Wenye kusikia na kuona watajibana, mmoja ataogopa ataingia upande wa bodaboda, na hapo unakuwa umetengeneza tukio la pili kabla hujafika la kwanza. Mimi ningekuwa wewe ningeiacha IST sheli, ningechukua boda kwa elfu moja nifike Mabatini dakika tano, na njiani ningekuwa nimehakikisha mtu ameshapiga 114, namba ya Zimamoto, maana kwenye kelele kama zile kila mtu anadhani mwenzie kapiga.

Kwaio taa hutaki kabisa? Hapana, mi nasema taa unaihitaji, ila ya kusimamia na si ya kukimbilia. Ukifika kwenye tukio usiku, umepaki pembeni, unashusha mtungi kwenye buti, mgongo wako uko barabarani na kuna fuso linashuka halina habari na wewe. Hapo ndo watu wa kujitolea wanapogongwa. Taa ya njano, ile rangi ya chungwa ya magari ya breakdown, inayomweka juu ya gari lililosimama, dereva yeyote anaielewa bila kufundishwa: hapa kuna kitu, punguza mwendo. Haimwambii "nipishe". Nyekundu usiiweke mbele hata siku moja, mtu akiona nyekundu usiku akili yake inamwambia naona mgongo wa gari linaloenda mbele yangu, kumbe wewe unamjia.

Tafuta ya LED ndogo ya sumaku, wati 10 mpaka 20 inatosha sana. Unaiweka juu ya paa ukishasimama, ukiondoka unaitoa. Usiendeshe nayo juu, nimeshaona moja imeruka pale unapoanza kukamata spidi kuelekea Usagara, ikapiga kioo cha hiace iliyokuwa nyuma. Na kabla hujaibandika futa vumbi kwenye paa kwa kitambaa, vumbi la Nyakato ukilibana na sumaku ni msasa.

Haya, waya. Hapa ndo kwangu.

Huyo fundi wa kuunga kwenye taa kubwa mkimbie. Piga hesabu na mimi: wati gawanya kwa volti unapata ampea. Taa yako 60W kwa 12V ni ampea 5. Balbu ya taa kubwa ya IST kwenye dimu ni wati 55, karibu ampea 4.6, kwenye fulu wati 60, ampea 5. Gari nyingi za Toyota za saizi hii fyuzi ya taa kubwa ni ya ampea 10 kila upande. Ukijumlisha unakuwa uko 10 kwenye fyuzi ya 10. Siku ya kwanza itawaka, siku ya pili itawaka, siku ya tatu usiku uko fulu kwenye kona, fyuzi inakata na jicho moja la gari linazima. Utarudi kwa fundi yule yule, na dawa yake naijua, atakutolea ya 10 akuwekee ya 20. Sasa fyuzi haikati tena. Kinachoungua ni waya.

Watu hawajui fyuzi inalinda nini. Wanadhani inalinda taa. Fyuzi inalinda waya. Taa ikifa utanunua nyingine, waya ukiungua unaungua na zulia la gari na kiti na wewe ukiwa umekaa juu yake. Ndo maana fyuzi inakaa kwenye betri, si kwenye taa, na ikae karibu, isizidi shubiri moja kutoka kwenye kichwa cha betri. Kipande chote kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kikigusa bodi betri inamwaga ampea mamia kwa mara moja, nikisema mamia simaanishi kwa kuongea.

Hili nimelijifunza kwa aibu yangu mwenyewe. Zamani kidogo, nimeanza anza kufunga taa, akaja mzee mmoja na Noah anataka taa za nyuma za kushushia mizigo usiku. Nikafunga vizuri, nikapenda mwenyewe. Fyuzi nikaiweka chini ya dashibodi karibu na swichi, nilifikiri ikikata atabadilisha bila kufungua boneti, nikajiona mjanja. Waya nikaupitisha kwenye tundu la bati lile linalotenganisha injini na ndani, tundu nimetoboa mwenyewe, sikuweka raba. Bati likitobolewa lina meno. Gari ikitikisika waya unasugua, unasugua, kidogo kidogo, wiki kadhaa tu. Mzee yuko Mkuyuni anasikia harufu kama ndoo ya plastiki inaungua, akadhani ni takataka za nje, akapandisha kioo. Akapandisha kioo! Moshi ukatoka kwenye matundu ya hewa ndo akashtuka. Alichomoa kichwa cha betri kwa mkono na leso, akaungua vidole viwili. Nilivyofungua boneti ule waya ulikuwa umevuliwa ganda lote kutoka betri mpaka kwenye bati, shaba tupu nyeusi, na fyuzi yangu kule chini ya dashibodi nzima kabisa, inang'aa. Nzima kwa sababu shoti ilitokea kabla ya kuifikia. Sikumdai hela, nilimlipa.

Sasa we mzimamoto gari yako ishike moto kwa waya wa kimulimuli, mtaani utaishi vipi.

Kwaio kama unafunga ya kudumu, hata hiyo njano, toa waya betri chanya, shubiri moja fyuzi. Kwa taa ya 60W weka fyuzi ya 7.5, kwa ndogo ya wati 20 hata ya 3 inatosha. Waya wa milimita za mraba 1.5, ule wa magari wenye nyuzi nyingi nyembamba, usikubali wa nyumbani wenye waya mmoja mgumu, ukitikiswa unakatika ndani na nje huoni kitu. Kutoka kwenye fyuzi unaingia kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili yenyewe ipitishe umeme mkubwa, mguu wa 30, unatokea 87 kwenda kwenye taa. Miguu ya 85 na 86 ndo ya swichi, mmoja eathi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari, na mwingine unatoka kwenye swichi, na hapo swichi inabeba umeme kidogo wa uongo uongo tu, haiwi ya moto ukiigusa. Wengine watakuambia LED ndogo haihitaji rilei, ni kweli, wati 20 swichi nzuri inabeba yenyewe, ila umeme wa swichi uchukue baada ya fyuzi, usiende kuiba kwenye redio. Kupenya kwenye bati tafuta tundu la kiwandani lenye raba yake, karibu kila gari lina moja pale nyaya kubwa zinapoingilia, toboa raba kidogo upenyeze. Eathi usibane juu ya rangi, kwangua mpaka uone chuma cheupe ndo ubane bolti. Nusu ya taa zinazoletwa kwangu "zimekufa" hazijafa, eathi imekaa juu ya rangi.

Kama gari ina eabegi za pembeni, waya usiupandishe kwenye nguzo ya kioo cha mbele ukapita mbele ya eabegi, siku ikifunguka itakurushia huo waya.

Kama ni ya sumaku yenye plagi ya laita ya sigara shida zote hizo zinapungua, soketi ina fyuzi yake tayari. Waya upitishe kwenye mlango wa nyuma na uuache uning'inie chini kidogo nje kabla haujaingia, ili mvua idondoke pale kwenye tumbo la waya isifuate mpaka kwenye kiti. Mvua ya Mwanza ikiamua haikuulizi.

Na ile ya dashibodi hata ingekuwa halali nisingekufungia ilivyo. Usiku ikimweka inagonga kioo inakurudia machoni, kila mweko unakuwa kipofu kidogo. Wanaofunga za ndani kule kwao huwa wanaweka kikinga kinachobana mpaka kwenye kioo. Kwa hiyo njano yako pia, kama ina swichi ya kupunguza mwanga punguza usiku, taa kali sana inamficha mtu aliyesimama pembeni yake, na aliyesimama pembeni yake ni wewe.

Betri nayo. IST nyingi zinakuja na betri ndogo, ampea-saa 35 mpaka 45 hivi. Ile 60W ukiiacha masaa manne injini imezimwa imekunywa ampea-saa 20, karibu nusu, asubuhi mnasukuma. Ndogo ya wati 12 ni ampea 1 tu. Na usidhani hazadi ni bure: balbu nne za wati 21, hata ukihesabu zinawaka nusu ya muda bado ni ampea 3 na nusu. Yaani ile taa ndogo ya njano inakula chini ya theluthi ya hazadi na inaonekana mbali zaidi.

Mwisho kabisa kwako, na hili si la umeme ila limenikera miaka. Ukifika Mabatini au Igogo au Bugarika, gari halipandi, unajua mwenyewe nyumba ziko juu ya mawe huko, gari la zimamoto litaishia chini na watu watavuta mpira kupandisha. Sasa mdomo wa kile kichochoro ndo kila mtu anataka kupaki. Wewe paki ng'ambo, upite mdomo wa njia, acha nafasi ya lori. Weka pembetatu nyuma yako hatua hamsini, vaa reflekta ndo ushuke. Bluu mrudishie binamu, itamfaa.

SWALI: Bro mi nina boksa, nimefunga taa nyekundu na bluu chini ya siti zinacheza, ni pambo tu sina mpango wa kumpita mtu. Trafiki Pasiansi kanisumbua. Pambo nalo kosa? (Boda wa Kirumba)

JIBU: Nyekundu na bluu zinazomweka usiku ukiziona kwa mbali unadhani nini? Na wanaokuja nyuma yako wanadhani hivo hivo. Toa. Afu hizo za boda nyingi zimeungwa kwenye waya wa breki, ndo maana ukishika breki zinafifia na taa ya breki yenyewe inafifia nayo, jaribu leo usiku mtu akuangalie nyuma. Hilo tu lingetosha kuzitoa hata trafiki asingekuwepo.

SWALI: Fundi shikamoo. Mume wangu alifungiwa taa kali mbele ya Probox, ile ya mstari mrefu, ya wati 120. Sasa swichi inakuwa ya moto mpaka siwezi kuigusa na kuna kaharufu. Yeye anasema ndo kawaida ya taa kali. (Mama Igoma)

JIBU: Marahaba mama. Si kawaida, na usiiwashe tena mpaka ifunguliwe. 120 gawanya 12 ni ampea 10, zote zinapita kwenye kaswichi kadogo kale, fundi hakuweka rilei. Swichi ikiwa ya moto maana yake ndani pameshaanza kuungua. Mwambie mzee anunue rilei, haifiki hata bei ya kilo moja ya sangara, na fyuzi ya 15 pale kwenye betri, waya wa 2.5. Angalia pia kama fundi amezungushia tu tepu kwenye maungio, joto la injini linayeyusha ile gundi na tepu inafunguka yenyewe kama bandeji ya mtoto. Maungio yabanwe kwa koleo na yavalishwe mpira wa kusinyaa. Na hizo taa kali mjini zizimwe, zinapofusha wanaokuja. Hizo ni za kuwasha mkiwa porini mnaenda shamba.

SWALI: Mimi niko Ukerewe, nina boti ya fibre ya injini, tukipata taarifa mtu kazama huwa tunatoka. Nataka taa ya bluu ya kumweka watu wajue ni waokoaji. Na majini kuna trafiki? (Mvuvi)

JIBU: Umenichekesha hapo mwisho. Ila majini rangi zina maana kali kuliko barabarani. Nyekundu ni ubavu wako wa kushoto, kijani wa kulia, nyeupe nyuma, mwenzio usiku anasoma hizo rangi anajua unaelekea wapi. Ukimchanganyia bluu inayocheza katikati hasomi kitu. Anza na hizo za kawaida kwanza, maana najua nusu ya boti huko zinatembea na tochi ya simu, afu ongeza taa nyeupe yenye mwanga mpana ya kutafutia mtu kwenye maji. Ndo inayookoa hiyo. Kumbuka ile asubuhi ya Novemba 2022 ndege ilivyoingia ziwani Bukoba, waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, hakuna aliyekuwa na kimulimuli.

Kwa umeme wa boti: fyuzi kwenye betri kama nilivyomwambia wa Nyakato, tofauti ni kwamba fibre si chuma, huna bodi ya kubana eathi, kwaio kila taa inataka waya wake wa kurudi mpaka kwenye hasi ya betri, usikate njia ukaunga kwenye injini. Vichwa vya betri vipake grisi. Betri yenyewe ifunge na mkanda kwenye boksi, wimbi likiipindua na fyuzi yako nzuri yote inakuwa haina kazi.